Masega

Niliyauza masega Novemba, kwa mnunuzi wa Tunduma
aliyeyapima kwa mikono kama mtu anayenunua kuku.
Hakuuliza yametoka gari gani.
Sikuuliza yanakwenda wapi.
Bomba likanyooka, tupu, toka kwenye turbo hadi nyuma,
na Subaru ikinguruma, Kabwe nzima inageuka.

Sifa zina harufu. Hilo sikuambiwa.

Tumpe alianza na koti: "Hili lilale nje."
Kisha mablanketi.
Kisha akanusa utosi wa Subilaga,
akanitazama. "Mwanao ananuka sheli."
Mimi sikusikia kitu.
Harufu husikiwa, na pua yangu ilishakuwa kiziwi.

Mwezi wa sita, baridi ya kufunga vioo vyote,
tulipandisha kwenda msibani Tukuyu.
Kabla ya Isyonje kichwa kikaanza kunigonga.
Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi.
Tumpe akamtikisa mara moja. Mara mbili.
Mara ya tatu nilishasimamisha gari, milango yote minne wazi,
na Subilaga anatapika juu ya maua ya pareto,
analia, na kilio chake kilikuwa kitamu kukisikia.
Hatukuzungumza hadi Kiwira.

Ambakisye wa Iyunga hakugusa spana kwanza.
Alijifungia ndani ya gari, injini inawaka,
akanusa kama mama anayeonja chumvi, akatoka haraka.
"Harufu ni mbili. Mbichi na ya kuiva.
Mbichi ni petroli, inatoka mbele.
Ya kuiva ni moshi, unaingia kwa mlango wa uani,
na mlango umeufungua wewe.
Ila kuna ya tatu, haina harufu kabisa.
Hiyo ndiyo iliyomlaza binti yako."

Akaziba ekzosi kwa tambara lililolowa,
akapaka povu la sabuni ya unga kwenye kila kiungio.
Chini ya turbo povu likachemka: gasketi imeliwa.
Oringi za nozeli zilikuwa kavu kama maganda ya maharage,
mpira wa kurudisha mafuta una ufa mwembamba kama unywele,
na bomba la kupumulia injini,
nililoliacha wazi kwa ujuzi wangu mwenyewe,
akalirudisha mahali pake bila kusema neno.
Mpira wa buti, mpya.
Ncha ya ekzosi niliyoikata fupi kwa urembo
akaichomelea shibiri moja nje ya bampa.

"Kompyuta aliipanga nani?"
"Kijana mmoja wa Kinondoni."
"Aliipangia hewa ya pwani, hewa iliyoshiba.
Huku kwetu hewa ni uji mwepesi,
nayo bado inamimina mafuta
kama mpishi asiyeambiwa kwamba wageni hawaji."

Na masega?
Alicheka chini ya gari, nikaona viatu vyake tu.
"Asali ulishakula. Sasa nunua mzinga."
Mara tatu ya bei niliyouzia.
Rimu zangu za dhahabu ziko Mwanjelwa kwa mtu mwingine,
na sitaki kukutana nazo barabarani.

Sasa ni Agosti. Mlima Nyoka gari linasitasita kidogo,
Altezza moja ilinipita, dereva akapunga mkono wa pole.
Koti bado linalala nje. Tumpe hana haraka.

Lakini jana, vioo juu, ukungu umeikalia Uyole,
nilisikia ganda la chungwa chini ya kiti,
nikasikia soksi mbichi, na mafuta ya nazi
kwenye nywele za aliyelala nyuma.
Pua inarudi polepole, kama mguu unaotoka ganzi.

Hata hivyo nilisimama Igawilo.
Nikazima gari, nikafungua mlango wa nyuma,
nikaweka kiganja mbele ya mdomo wake,
nikangoja pumzi.